Kutoka Milansi hadi Dodoma: Ufipa na swali la baraza la pili

Wazee wa Ufipa, huku mkoani Rukwa, husimulia kwamba hapo kale nchi yao ilikuwa na mtawala mmoja tu, mwenye Milansi. Siku moja akajiandaa kwenda mawindoni, akamuusia mkewe asimpe mgeni yeyote kigoda chake. Alipokwisha kuondoka, wakafika wanawake watatu wageni, wa ukoo wa Watwa (wasichanganywe na Watwa wa misituni, ni jina tu limegongana). Mke akaingiwa na hofu, akatoa kigoda. Mume aliporudi alikuta kiti kimekwisha kukaliwa.

Vita havikupigwa. Yalifanyika mapatano: Watwa watawale nchi, na mwenye Milansi abaki na Milansi yake pamoja na heshima ya ukongwe. Naye ndiye mwenye kumsimika Mwene, yaani mtawala, mpya kutoka ukoo wa Watwa. Mwenye nguvu, basi, alihitaji kibali cha asiye na nguvu. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, aliandika kwamba Wafipa waliufananisha uhusiano huo na mwili wa mtu: Milansi ni kichwa, Watwa ni viuno. Kimoja kina busara na umri, kingine kina nguvu na uzazi, na mtu hawezi kuwa na kimoja akakosa kingine.

Nimeanza na kisa hiki makusudi. Swali la bunge kuwa na baraza moja au mawili huzungumzwa kwetu kana kwamba ni mzigo ulioshuka melini kutoka Uingereza, pamoja na joho la Spika na siwa. Kiini chake lakini ni kile kilichotatuliwa Milansi: nani aseme, na nani awe na haki ya kumwambia msemaji asubiri. Ufipa ililijua swali hilo kabla ya mkoloni, na imeendelea kukutana nalo katika kila awamu ya utawala tangu hapo.

Ukoo wa Watwa ulikuja kugawanyika, nchi ikawa na milki mbili: Nkansi, ambayo jina lake limebaki katika Wilaya ya Nkasi, na Lyangalile upande wa kusini. Katika Nkansi ya karne ya 19, Mwene aliwateua maofisa wake, lakini mkuu wa kijiji alichaguliwa na wanakijiji wenyewe, na wao ndio waliokuwa na uwezo wa kumwondoa. Amri ilishuka kutoka juu, ridhaa ilipanda kutoka chini, na viwili hivyo vilikutana mlangoni kwa mkuu wa kijiji. Kwa mfumo huo nchi iliweza kulima ulezi juu ya matuta yaliyofukiwa majani, na kuyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo yanayoitwa malungu, ambayo mabaki yake bado yanaonekana. Wangoni wa Zwangendaba walipita wakapora, na Zwangendaba mwenyewe akafia Mapupo, Ufipa, katika miaka ya 1840. Nchi ikajijenga upya. Joseph Thomson, mpelelezi wa Kiskoti aliyefika mwaka 1880 wakati wa Mwene Kapufi, aliwasifu Wafipa kwa utulivu na bidii ya kilimo.

Wajerumani waliitawala Ufipa kutoka Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, kando ya Ziwa Tanganyika. Ngome hiyo ilitekwa na majeshi ya Waingereza Juni 1916. Kuhusu mabunge hawakutuachia lolote, kwa hiyo niwapite.

Waingereza ndio walioleta baraza la kutunga sheria. Gavana Donald Cameron alizindua Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika mwaka 1926. Wajumbe wake walikuwa maofisa wa serikali, na wengine wasio maofisa ambao gavana aliwateua kutoka kwa Wazungu na Waasia. Mwafrika hakuwemo. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya mamlaka za wenyeji iliyotia nguvu utawala kupitia machifu. Kwa hiyo nchi ikawa na ngazi mbili zisizokutana: Dar es Salaam kulikuwa na baraza la kutunga sheria lisilo na mwenyeji hata mmoja, na Nkansi na Lyangalile kulikuwa na wenyeji wenye mahakama na hazina zao ndogo lakini wasio na sauti katika sheria za nchi. Mtu wa Ufipa alitawaliwa na vyote viwili. Waafrika wa kwanza waliingia barazani mwaka 1945, nao ni Chifu Kidaha Makwaia wa Usukuma na Chifu Abdiel Shangali wa Uchagani. Ufipa, iliyokuwa wilaya ya pembeni ya Jimbo la Magharibi lenye makao Tabora, iliendelea kusubiri.

Halafu ikaja miaka ya 1950, na hapa ndipo Tanganyika ilipokaribia kuwa na baraza la pili.

Gavana Edward Twining aliona chama cha TANU kinavyoenea tangu mwaka 1954, akatafuta wa kukizuia. Aliwageukia machifu. Mwaka 1957 machifu kutoka sehemu mbalimbali za nchi waliitwa Mzumbe, karibu na Morogoro, kwenye mkutano wao wa kitaifa. Nia ya gavana ilikuwa wazi kwa kila aliyeisikia: machifu wawe chombo cha kitaifa chenye uzito wa kuikabili TANU. Katika mijadala ya miaka hiyo likatajwa wazo la baraza la juu, ambamo machifu na wawakilishi wa jamii ndogondogo wangekaa kuipitia kazi ya wabunge waliochaguliwa.

Ningekuwa mpiga kura wa Ufipa wa mwaka 1958, ningelipinga wazo hilo bila kusita. Machifu wa wakati ule walilipwa na serikali, na serikali ndiyo iliyokuwa na uwezo wa kuwaondoa. Baraza lao lisingekuwa kama Milansi, lisingekuwa na sauti yake lenyewe. Lingekuwa breki ya gavana, ikiwekwa kwenye gari ambalo wananchi walikuwa ndio kwanza wanaliwasha. Machifu wengine nao waliuona upepo unakoelekea. Abdallah Fundikira, chifu wa Unyanyembe katika Jimbo lilelile la Magharibi, alisimama na TANU akawa waziri. Chifu Patrick Kunambi alishindana na Julius Nyerere katika uchaguzi wa 1958, akashindwa. Kamati iliyoongozwa na Richard Ramage ndiyo iliyopendekeza muundo wa bunge la kuelekea uhuru, ukawa wa baraza moja lenye viti 71 vya kuchaguliwa. Uchaguzi ulipofanyika mwaka 1960, TANU ilichukua viti 70.

Uhuru ukaja Desemba 1961, na mwaka 1963 uchifu ukafutwa kisheria nchi nzima. Mwene wa Nkansi na Mwene wa Lyangalile wakabaki na heshima ya jamaa zao, mamlaka yakaondoka. Lakini tazama jambo hili, ambalo naona halijapewa uzito wake: machifu walinyimwa baraza, wakapewa kiti cha mbele katika baraza lile moja. Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Uhehe akawa Spika mwaka 1962. Erasto Mang'enya, naye chifu, alikikalia kiti hicho kuanzia 1973 hadi 1975, kisha Adam Sapi akarudi na kukaa hadi 1994.

Kenya, kwa wakati huohuo, ilichagua njia nyingine. Katiba yake ya uhuru ya mwaka 1963 iliweka Bunge la Wawakilishi pamoja na Seneti ya watu 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi. Spika wake alikuwa Timothy Chokwe, mtu wa Pwani. Seneti ilikusudiwa kuzilinda jamii ndogo na utawala wa majimbo, na vifungu vile vizito vya katiba visingeguswa bila asilimia 90 ya kura za maseneta. Asilimia hiyo ikapunguzwa mwaka 1965. Mwisho wa mwaka 1966 mabaraza mawili yakaunganishwa kuwa moja, na maseneta wenyewe wakapiga kura ya kulifuta baraza lao, huku wakihakikishiwa viti katika bunge jipya la majimbo 158. Seneti ile ilifungwa na waliokuwa ndani yake. Kwa mwenye kupanga baraza la pili popote, hilo ndilo somo la kwanza la kulisoma: anayelilinda baraza awe na sababu ya kulilinda kubwa kuliko kiti chake mwenyewe.

Huku Tanganyika, baadaye Tanzania, Bunge lilikuwa moja kwenye karatasi. Mwaka 1965 tulipoingia chama kimoja, ilipitishwa sheria iliyowapa wajumbe wa Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU mshahara sawa na wa wabunge, na kukipa kikao chao uwezo wa kuita mashahidi na kudai nyaraka kama Bunge. Ndani ya Halmashauri Kuu walikaa wenyeviti wa mikoa na wajumbe waliochaguliwa kuiwakilisha mikoa. Mkoa mdogo ulikuwa na kiti sawa na mkoa mkubwa. Mwaka 1968 Halmashauri Kuu iliwafukuza wanachama kadhaa, Oscar Kambona akiwa mmoja wao, na waliokuwa wabunge kati yao wakapoteza ubunge palepale. Mwaka 1975 katiba ikatamka wazi kwamba chama kimeshika hatamu. Kama kuna aliyedhani tulitawaliwa na baraza moja katika miaka ile, aisome upya historia. Tulikuwa na mabaraza mawili, na lile la juu halikuchaguliwa na wananchi wote.

Mkoa wa Rukwa ulizaliwa katika mazingira hayo, mwaka 1974. Wilaya ya Sumbawanga, ndiyo Ufipa, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Mbeya, ilitolewa huko, Mpanda ikatolewa Tabora, na mji wa Sumbawanga, ulio juu ya uwanda kwenye mwinuko wa meta 1,800 hivi chini ya milima ya Mbizi, ukawa makao makuu. Leo watu huzungumzia jambo hilo kama suala la ofisi na watumishi. Kwa siasa za wakati ule lilikuwa kubwa zaidi: kwa mara ya kwanza uwanda wa Ufipa ulipata mwenyekiti wake wa mkoa na sauti yake katika kikao kilichoamua mambo ya nchi. Hakuna tena kupitia Mbeya.

Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichoirithi TANU, ikarejea kuwa kikao cha chama. Hilo lilikuwa jambo jema kwa demokrasia. Lakini mikoa ikapoteza kitu bila mtu kukisema: meza ambayo mkoa uliketi kama mkoa. Bungeni kuna majimbo, viti maalumu na walioteuliwa na Rais. Mkoa haupo.

Wabunge wa Ufipa hawakuwa wanyonge katika baraza hilo moja. Chrisant Mzindakaya, aliyeiwakilisha Kwela hadi 2010, alipewa jina la Mzee wa Mabomu kwa namna alivyoibua mambo bungeni. Mwaka 1996 suala la misamaha ya kodi alilolishikia bango lilichunguzwa na Bunge, na Waziri wa Fedha, Profesa Simon Mbilinyi, akajiuzulu. Februari 2008 Mizengo Pinda, mbunge wa Mpanda iliyokuwa bado Rukwa, akawa Waziri Mkuu, yaani kiongozi wa shughuli za serikali bungeni. Na mwaka 2020 Nkasi Kaskazini ilimchagua Aida Khenani, mbunge pekee wa jimbo aliyepatikana kwa CHADEMA nchi nzima. Uwanda huu haujawahi kukosa watu wa kusimama.

Hata idadi haituonei. Sensa ya 2022 iliihesabia Rukwa watu 1,540,519, na mkoa ulikuwa na majimbo matano. Dar es Salaam, yenye watu 5,383,728, ilikuwa na majimbo kumi. Kwa hesabu ya kichwa kwa kichwa, mbunge wa Rukwa aliwakilisha watu wachache kuliko mwenzake wa Ilala au Temeke. Mwenye kutetea baraza la pili kwa kulalamika kwamba tuna wabunge wachache hajazitazama takwimu.

Hoja iko mahali pengine. Wabunge watano kati ya mamia wanaweza kuomba, kushawishi na kulaumu. Hawawezi kuzuia. Rukwa imo katika mikoa minne mikuu ya mahindi, pamoja na Mbeya, Iringa na Ruvuma, na kila mavuno mema magunia yetu huingia katika maghala ya akiba ya taifa. Hata hivyo barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilometa 220, ilisubiri nusu karne ya uhuru kupata lami, na lami yenyewe ilitokana na msaada wa Marekani chini ya mkataba wa milenia uliotiwa saini Februari 2008. Serikali ilipozuia mahindi kuvuka mpaka, kama ilivyofanya mara kadhaa, mkulima wa Laela, hapa Rukwa, aliumia kwanza, na mikoa inayolisha nchi haikuwa na mahali pa kusema, kama mikoa, kwamba amri hii isipite hadi tusikilizwe.

Kinachonishangaza ni kwamba sisi Watanzania tunazijua vizuri kufuli za namna hiyo. Ibara ya 98 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema baadhi ya mambo, kama kuwepo kwa Muungano wenyewe, orodha ya mambo ya Muungano na idadi ya wabunge kutoka Zanzibar, hayabadilishwi mpaka theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar wakubali, kila upande ukihesabiwa peke yake. Siku ya kura hiyo Bunge letu moja hugeuka kuwa mawili ndani ya ukumbi mmoja. Zanzibar pia ina Baraza lake la Wawakilishi tangu 1980, na baraza hilo huchagua wajumbe watano kuingia katika Bunge la Muungano. Tumekubali, basi, kwamba idadi peke yake haitoshi pale wadogo wanapokaa na wakubwa. Tumelikubali kwa visiwa. Kwa mikoa bado.

Mara moja tulikaribia. Rasimu ya kwanza ya Katiba iliyotolewa Juni 2013 na Tume ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza serikali tatu, na juu yake Bunge la Muungano la watu 75. Kila mkoa wa Bara na kila wilaya ya Zanzibar ungetoa wajumbe wawili, mwanamke na mwanamume, na watano wangewakilisha watu wenye ulemavu. Kwa mpango huo Rukwa ingekaa sawa na Dar es Salaam na Mwanza. Jina la Seneti halikutumika, lakini umbo lake lilikuwa hilohilo. Bunge Maalum lililokaa Dodoma mwaka 2014 chini ya Samuel Sitta likaziondoa serikali tatu, na viti vile vya mikoa vikaenda nazo bila kujadiliwa vyenyewe. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa.

Kenya ilikuwa imeshairudisha Seneti kwa katiba ya mwaka 2010. Bunge la Taifa lina wajumbe 349: wa majimbo 290, wanawake 47 wa kaunti na 12 wa kuteuliwa. Seneti ina 67, na 47 kati yao huchaguliwa mmoja kwa kila kaunti. Lamu, yenye watu 143,920 katika sensa ya 2019, ina seneta mmoja kama Nairobi yenye zaidi ya milioni nne. Miswada inayozihusu kaunti hupita kote kuwili, na wakishindwa kukubaliana huundwa kamati ya upatanishi yenye wajumbe sawa kutoka kila upande. Mwaka 2020 maseneta waligombana kwa miezi juu ya mizani ya kugawia fedha, kwa kuwa mizani iliyopendekezwa ingezipunguzia kaunti za kaskazini na za Pwani. Ilikwama na kukwama tena, mpaka Septemba ikapatikana njia ambayo haikumpunguzia yeyote. Magazeti yaliiita aibu. Mimi naiona ndiyo kazi yenyewe ya Seneti: Wajir, Mandera na Tana River zilikataa, na kukataa kwao kukahesabiwa. Seneti pia ndiyo husikiliza mashitaka ya kuwaondoa magavana, na Oktoba 2024 ilimwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua.

Seneti ina gharama, na gharama hiyo si ndogo kwa nchi ambayo bado kuna watoto wanaosomea chini ya miti. Tena Bunge la Taifa la Kenya limekuwa likivutana nayo kamba mpaka mahakamani. Lakini ng'ambo ya Ziwa Tanganyika iko Kongo, yenye Seneti inayochaguliwa na mabunge ya majimbo. Kaskazini zaidi iko Burundi, yenye Seneti pia. Kusini yetu, Zambia imeweka Baraza la Machifu katika katiba yake, ingawa halitungi sheria. Kongo na Burundi si tajiri kutuzidi.

Sidai machifu warudi, na baraza la kuteuliwa silitaki, kwa sababu zilezile za mwaka 1958. Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana: baraza dogo la mikoa, wajumbe wawili kwa kila mkoa, wanaochaguliwa na wananchi, lisiloweza kutunga bajeti lakini lenye haki ya kurudisha muswada unaogusa ardhi, mazao, mipaka ya mikoa na mgawo wa fedha, na muswada huo usipite mpaka pande mbili zikae kupatanishwa. Muundo wake uko tayari katika rasimu ya 2013, unahitaji kutenganishwa tu na ugomvi wa serikali tatu.

Mazungumzo ya katiba mpya yatakapofunguliwa tena, wabunge wa Rukwa, wa chama chochote, wasiende Dodoma na orodha ya barabara na visima peke yake. Waende na ibara ya baraza hilo la mikoa mkononi, na sisi tuliowachagua tuwaulize kwa jina waliipigiaje kura.